Lugha ya Modemu na Kimya cha Sekunde Moja

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kanuni za ufundi hutungwa kwanza na kamati za wataalamu, kisha viwanda hufuata. Historia ya modemu, kile chombo kilichoziwezesha kompyuta kuwasiliana kwa njia ya simu, inakanusha dhana hiyo.

Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Georgia, Marekani, ilitoa modemu iliyopokea amri kupitia waya uleule uliopitisha data. Amri zilianza kwa herufi AT: ATDT pamoja na namba ilipiga simu, ATH iliikata. Herufi A yenyewe ina manufaa ya pekee. Katika msimbo wa ASCII biti yake ya kuanzia ni sifuri, na inayofuata ni moja. Hivyo modemu yaweza kupima muda wa ile sifuri na kutambua kasi ya kompyuta. Kamati ya kimataifa, CCITT, ilikuwa na lugha yake, V.25 bis, ya mwaka 1984. Wanunuzi waliipenda ya Hayes, na mwaka 1995 warithi wa kamati hiyo wakaikubali katika kanuni ya V.25 ter.

Lakini je, kwa waya mmoja, modemu itajuaje kwamba sasa inaamriwa, wala haipewi data? Mhandisi Dale Heatherington alijibu: alama tatu za kujumlisha, zikitanguliwa na kufuatwa na kimya cha takriban sekunde moja. Kimya hicho kikapewa hataza mwaka 1985. Baadhi ya washindani, wakikwepa kulipa ada, waliondoa kimya. Matokeo yake, data yenye +++ATH ndani yake iliweza kuikata simu ya mtu, na katika miaka ya 1990 wakorofi walilitumia pengo hilo kwa makusudi.

Ubunifu ule ulistahili ujira, sikatai. Ninachopinga ni kutoza ushuru kwenye mlango wa lugha ambayo ulimwengu mzima umekwisha kuizoea, kwani wanaoumia ni watumiaji wasiojua lolote juu ya hataza.

Hayes ilifilisiwa mwaka 1999. Lugha yake haikufa: moduli za simu za mkononi hutuma ujumbe mfupi kwa amri ya AT+CMGS. Mwalimu mwenye moduli kama hiyo na aiunganishe na kompyuta mbele ya darasa, aandike AT, na wanafunzi wasome jibu: OK.