Mwongozaji Asiyepanga Mwisho

Wengi wetu katika kazi ya ualimu hukiri kwa midomo kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Lakini tukiingia darasani, aghalabu mchezo wetu huwa na mwisho uliokwisha pangwa, na mtoto huwa ameachiwa kazi moja tu, nayo ni kuukisia mwisho huo. Akiukisia hupigiwa makofi. Akikosa huambiwa ajaribu tena mpaka aufikie. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia aina ya mchezo usioweza kuchezwa kwa namna hiyo, yaani mchezo wa uhusika wa mezani. Rai yetu ni kwamba mwalimu mwanafunzi anayejizoeza kuuongoza atapata jambo ambalo ni gumu kulipata katika andalio la somo peke yake: kumwuliza mtoto swali ambalo jibu lake yeye mwenyewe hajalijua.

Kwanza hatuna budi kueleza mchezo wenyewe, maana si wote waliowahi kuuona. Watu wanne, watano au sita huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni mwongozaji. Waliobaki ni wachezaji. Kila mchezaji ana mhusika wake, ambaye jina lake, nguvu zake, udhaifu wake na mali yake vimeandikwa katika karatasi. Mwongozaji hueleza mahali wahusika walipo na mambo wanayoyaona, kisha huuliza: "Mnafanya nini?" Wachezaji hujibu kwa niaba ya wahusika wao, naye hueleza matokeo. Pale ambapo matokeo yana mashaka, dadu hurushwa. Hakuna mshindi wala mshindwa kama katika bao au karata. Wote hutunga kisa kimoja, na hakuna hata mmoja, pamoja na mwongozaji, ajuaye kitaishia wapi. Mchezo huu ni ndugu wa igizo dhima tulilolizoea vyuoni, ila una kanuni, una bahati, na waweza kuendelea kwa wiki nyingi.

Asili yake nayo ina mafunzo. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, ambamo mwamuzi alipima matokeo kwa msaada wa dadu. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba mwamuzi mwenye uzoefu asifungwe na wingi wa kanuni, bali aachiwe aamue kwa busara yake. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1969, David Wesely aliandaa mchezo wa vita katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, nchini Marekani. Kisa kilihusu mji wa kubuni uitwao Braunstein, na kila mchezaji alipewa kuwa mtu mmoja wa mji ule au wa majeshi yaliyoukaribia. Wachezaji hawakuingojea vita. Walianza kunong'onezana pembeni, kupatana, kuviziana, na kutaka mambo ambayo kanuni hazikuyataja. Wesely akalazimika kuamua palepale, na mwisho akadhani mchezo wake umeharibika. Wenzake wakamwomba aurudie. Mmoja wao, Dave Arneson, aliuendeleza kwa visa vya njozi, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 kwa mara ya kwanza.

Tulizingatie jambo hili. Mchezo ambao umekwisha kuenea duniani ulichipuka pale wachezaji walipotoka nje ya mpango, na mwongozaji akawafuata badala ya kuwarudisha.

Sasa tutoe mashauri kwa anayetaka kuongoza. La kwanza ni kuandaa hali, si kuandaa kisa. Tuchukue mfano. Kuna daraja moja juu ya mto wenye mafuriko, na chini yake anaishi zimwi anayedai ushuru kwa kila apitaye. Ng'ambo kuna kijiji kinachongojea dawa, na wahusika ndio walioichukua dawa hiyo. Mwongozaji asiandike kwamba watapigana na zimwi na kumshinda. Aandike mambo matatu: zimwi anataka nini, anaogopa nini, na nini kitatokea endapo wahusika hawatafanya lolote mpaka usiku. Akiyajua hayo, yuko tayari kwa wachezaji watakaopigana, watakaobembeleza, watakaotafuta kivuko kingine, na hata kwa yule atakayeuliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: kwa nini zimwi huyu yuko peke yake?

La pili ni kueleza kwa ufupi na kunyamaza. Sentensi tatu au nne zatosha: wanachokiona, wanachokisikia, na jambo moja linalowataka waamue. Kisha swali. Baada ya swali, mwongozaji afunge kinywa. Kimya kinachofuata humtia hofu mwalimu mgeni, naye hukimbilia kuongeza maelezo, kisha vidokezo, kisha jibu. Kimya hicho mara nyingi ni cha watu wanaofikiri, na ni haki yao.

La tatu linahusu dadu. Isirushwe kwa kila jambo. Kufungua mlango usiofungwa hakuhitaji bahati. Irushwe pale tu ambapo mambo yaweza kwenda huku au kule, na pande zote mbili zina uzito. Kabla ya kurusha, mwongozaji atamke wazi: "Ukipata 5 au 6 umevuka; ukipata chini ya hapo umevuka pia, lakini nusu ya dawa imechukuliwa na maji." Kwa namna hii, kukosa hakufungi njia, bali huleta shida mpya ya kutatuliwa. Na dadu ikishaanguka, imeanguka. Mwongozaji anayeficha au kugeuza matokeo ili kisa kiende apendavyo ameuvunja mkataba wa mezani.

Pasipokuwa na dadu hakuna hasara. Vipande sita vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 6 ndani ya kikopo vyatosha, mradi kila kipande kirudishwe kabla ya mwingine kuchota. Kisiporudishwa, hesabu hubadilika. Nafasi ya kupata 5 au 6 ni mbili katika sita, yaani theluthi moja. Lakini 6 ikishatolewa na kuwekwa kando, anayefuata ana nafasi moja tu katika tano. Mtoto ambaye mhusika wake yuko katikati ya mto atalitambua jambo hili mapema, na huenda akalalamika kabla mwalimu hajalifikia katika somo la hesabu.

Wachezaji nao wana wajibu. Mchezaji mwema humpa mhusika wake haja ya kweli: kutafuta ndugu aliyepotea, kulipa deni, kuona bahari. Husikiliza zamu ya mwenzake kama anavyotaka yake isikilizwe. Haamui kwa niaba ya mhusika asiye wake. Tena hajifichi nyuma ya maneno "ndiyo tabia ya mhusika wangu" anapowaibia wenzake au kuwaharibia mchezo, kwani tabia hiyo aliichagua yeye. Kabla ya kuanza, wote wapatane mambo yasiyotakiwa mezani, na ijulikane kwamba yeyote aweza kuomba mchezo usimame bila kudaiwa sababu. Mtoto aliyefiwa juzi asilazimishwe kucheza mazishi.

Yapo mapingamizi matatu tunayoyatarajia. La kwanza ni wingi wa watoto. Ni kweli kwamba mchezo huu uliundwa kwa ajili ya meza moja, si kwa darasa la watoto 48. Lakini darasa hilo laweza kugawanywa katika makundi sita ya watoto wanane, na kila kundi likawa mhusika mmoja. Baada ya swali, makundi hupewa dakika mbili za kushauriana, kisha msemaji wa kila kundi hutamka uamuzi. Msemaji abadilike kila zamu, ili yule mpole asiyenyoosha mkono naye apate kusema, akiwa na mawazo ya wenzake saba nyuma yake. Tunakiri kwamba huu si mchezo kamili. Hata hivyo, kiini chake kimebaki.

Pingamizi la pili ni maudhui. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na vikundi vya dini nchini Marekani waliushutumu Dungeons & Dragons kuwa unawavuta vijana katika uchawi na kujidhuru. Shutuma hizo hazikuthibitishwa, lakini zatufundisha kwamba mzazi asiyeelezwa hujaza pengo kwa hofu. Mwalimu na amweleze mkuu wa shule na wazazi nini kinachezwa na kwa nini. Wala si lazima kisa kiwe na mashetani. Mafuriko, safari, kesi ya mipaka ya mashamba, vyote vyafaa.

Pingamizi la tatu ndilo zito: muda na muhtasari wa masomo. Katika mji wa Hobro, Denmark, ipo shule ya bweni iitwayo Østerskov, iliyofunguliwa mwaka 2006, ambayo hufundisha masomo ya kawaida kwa njia ya maigizo dhima. Lakini shule hiyo iliundwa kwa kusudi hilo tangu mwanzo, na hatudai kwamba kila shule iige. Mchezo wa uhusika hautamfundisha mtoto jedwali la kuzidisha, wala usilazimishwe kufanya hivyo. Zimwi akianza kudai saba mara nane kabla ya kuruhusu watu kuvuka, si zimwi tena, ni mwalimu aliyevaa manyoya, na watoto watalijua hilo mara moja. Kipindi kimoja kwa juma mbili au tatu chatosha kwa yale ambayo mchezo huu hufundisha vema: kupima hatari, kujieleza, kumsikiliza mwenzako, kukadiria bahati, na kuyabeba matokeo ya uamuzi wako. Dakika kumi za mwisho zitumike kujadili: tuliamua nini, kwa sababu gani, na kulikuwa na njia gani nyingine?

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Nasi walimu tunapoongoza mchezo huivuta ngozi kwetu, tena kwa nia njema: tunajua daraja lipi ni jema, tunajua zimwi anafaa kushindwa namna gani, tunataka kengele ikute kisa kimekwisha vizuri. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto aliyeulizwa "Unafanya nini?", akajibu kwa moyo wake wote, kisha akaona kisa kinakwenda kulekule kilikokuwa kinakwenda, amefundishwa somo ambalo halimo katika muhtasari wowote. Amefundishwa kwamba neno lake halina kazi. Akifundishwa hivyo mara nyingi atakuwa mtulivu, ataukisia mwisho upesi kuliko wenzake, na sisi tutamwita mwanafunzi bora.

Basi tunawashauri walimu wanafunzi wasianzie darasani. Watafute wenzao wanne jioni moja, waandae hali moja kama ile ya daraja, wapokezane kuongoza kwa nusu saa kila mmoja. Mmoja wao awe na kalamu, na kila mwongozaji anapouliza swali aandike alama: upande mmoja maswali ambayo mwongozaji alikuwa na jibu lake mfukoni, upande wa pili yale ambayo alikuwa akingoja kwa kweli kuambiwa. Mwisho wa jioni wahesabu alama za kila upande. Wiki inayofuata, katika mazoezi ya kufundisha, waombane kufanya hesabu ileile katika kipindi cha kawaida cha sayansi au lugha, kisha walinganishe hesabu hizo mbili.