Kijerumani Maktabani Si Anasa

Kwenye vikao vya bajeti utasikia hoja ileile kila mwaka: maktaba ya chuo kikuu ikishanunua vitabu vya Kiingereza imemaliza kazi yake. Kijerumani nani atasoma? Hoja hiyo ni potofu, na upotofu wake hauonekani popote nchini kama unavyoonekana hapa Moshi.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, alifika Kilimanjaro mwaka 1902. Kwa miaka mingi alikaa Old Moshi akiwahoji wazee wa Kichagga: kihamba, yaani shamba la ukoo, kinarithiwaje, mfongo, yaani mfereji wa maji, ni wa nani, maji yanagawanywa vipi. Kitabu chake, Das Recht der Dschagga, kilitoka 1926. Leo ndugu bado wanashtakiana kwa ajili ya vihamba, lakini mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu ugomvi huo anamnukuu Gutmann kupitia kwa waliomsoma kwa niaba yake. Ipo tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa Marekani. Sawa, ila nani ataihakiki kama kitabu chenyewe hakipo rafuni? Ni aibu mjukuu wa wazee wale kupokea maneno ya babu zake kwa mkono wa tatu.

Utaambiwa kila kitu kipo kwenye intaneti. Si kweli. Gutmann alifariki 1966, na sheria ya Ujerumani inalinda kazi ya mwandishi miaka 70 baada ya kifo chake, yaani hadi mwisho wa 2036; kabla ya hapo kitabu chake hakiwezi kuwekwa mtandaoni bure bila ruhusa.

Hata SACCOS tunazojivunia katika mji huu wa chama cha ushirika cha KNCU na Chuo Kikuu cha Ushirika zina asili Ujerumani: Mjerumani Raiffeisen alieleza vyama vyake vya kukopeshana katika kitabu cha Kijerumani mwaka 1866.

Eti wasomaji hakuna! Piteni Njoro, hapa hapa Moshi, muwaulize vijana wanaopandisha watalii mlimani. Wapo wanaojifunza Kijerumani jioni, kwa fedha zao, kwa sababu kinawapa riziki. Kijana wa mlimani akiweza, mhadhiri anashindwaje?

Wakuu wa vyuo, tengeni fungu la vitabu vya lugha za kigeni, hata liwe dogo. Viandikieni vyuo vya Ujerumani mbadilishane machapisho: majarida yetu kwa vitabu vyao. Na mwajirini mkutubi mmoja anayekisoma Kijerumani, ili vitabu hivyo vikifika viorodheshwe na kuazimwa, visiozee stoo.