Mpira Ambao Haukuandikwa: Tunawaonea Walinzi wa Besi ya Kwanza

Wasee, kuna mpira mmoja ulianguka chini kule Omaha, Nebraska, Juni 2018, na kila nikirudia ile klipu unaniuma kama ni timu yangu ilikuwa inacheza.

Fainali ya besiboli ya vyuo vya Marekani, mechi ya pili. Arkansas wanaongoza Oregon State 3-2, tuko awamu ya 9, ya mwisho. Wamebakisha kumtoa mtu mmoja tu wawe mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Cadyn Grenier anapiga mpira unapaa juu kabisa, nje ya mstari, upande wa besi ya kwanza. Mpira rahisi, ule hata mtoto wa primari anaweza kudaka. Wanaukimbilia watu watatu: mlinzi wa besi ya kwanza, wa besi ya pili, na yule wa nje kulia. Wote wanafika. Hakuna anayedaka. Unaanguka katikati yao, tap.

Grenier anarudi kushika gongo, anapiga, pointi ya kusawazisha inaingia. Anayemfuata, Trevor Larnach, anapiga homrani. 5-3. Kesho yake Oregon State wanashinda 5-0 na kombe linaenda nao.

Sasa sikiliza. Ukifungua takwimu za ile mechi, homrani ya Larnach iko pale inang'aa. Ule mpira ulioanguka haupo. Hakuna aliyeugusa, kwa hivyo hakuna aliyeandikiwa kosa. Kombe zima liliondoka kupitia kitu ambacho hakina safu yake kwenye jedwali. (Kusema ukweli, mpira kama ule ni wa mlinzi wa besi ya pili zaidi, yeye ndiye anauona kwa pembe nzuri. Simlaumu wa kwanza peke yake.)

Ndiyo maana nikiona mtu amepanga walinzi bora wa besi ya kwanza wa vyuo kwa kuhesabu homrani pekee, nachoka. Na ndiyo, mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka jana. Nilitoa video nzima, dakika 11, sikutaja glavu hata mara moja. Mliipenda sana. Ilikuwa takataka.

Kwa wageni, haraka haraka: kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 90, kama mita 27. Ukipiga mpira ukadunda chini, unakimbilia besi ya kwanza. Wapinzani wanauokota na kuurusha huko. Ukifika kabla yako, umetoka. Kwa hivyo mipira mingi sana ya chini inamalizikia kwenye glavu ya huyu jamaa mmoja. Na bado besi ya kwanza inajulikana kama mahali pa kumficha mtu mzito ambaye anajua kupiga tu. Hata FanGraphs, wale watu wa hesabu, wanakukata pointi 12.5 kwa msimu wa mechi 162 kwa sababu tu unacheza pale, wakati shotistopu anaongezewa 7.5. Yaani unaanza ukiwa na deni.

Rafiki yangu tunayekaa naye hapa Kahawa West anaamini hiyo dini kabisa. Tuko macho saa nane usiku, maana saa kumi na mbili jioni ya Omaha ndiyo saa nane yetu, bando inaisha, na yeye ananiambia, "Bro, glavu ni ya mtu hajui kupiga. Kwani ulimsahau Evan White?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu Evan White ni hoja nzito. Alicheza besi ya kwanza Chuo Kikuu cha Kentucky. Seattle Mariners wakamchukua nambari 17 mwaka 2017, na sifa yake kubwa ilikuwa glavu. Novemba 2019 wakampa mkataba wa miaka 6, dola milioni 24, kabla hajacheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Mwaka 2020 akaingia na akashinda Glavu ya Dhahabu. Lakini gongo? Wastani wa .176. Hiyo ni kupiga vizuri chini ya mara 18 kwa kila majaribio 100. Mwaka 2021 akashuka hadi .144 katika mechi 30, nyonga ikaumia, na Ligi Kuu hakuiona tena. Mechi 84 jumla. Kijana aliyekuwa bora kuliko wote kwa ulinzi, na hakuna aliyemsubiri.

Kwa siku kadhaa nilidhani hiyo hadithi imemaliza mjadala. Kisha nikaiangalia tena, nikagundua tunaisoma kinyume.

Kule Kentucky, mwaka wake wa mwisho, White alipiga juu ya .350. Hiyo ndiyo namba iliyodanganya. Glavu yake haikudanganya mtu. Walisema anadaka vizuri, akaenda Ligi Kuu, akadaka vizuri, akapewa tuzo. Kitu cha chuo ambacho kilivunjika kikifika juu kilikuwa gongo.

Na haishangazi. Vyuo vinatumia magongo ya chuma tangu 1974. Ligi Kuu ni mbao tu. Tangu 2011 yale ya chuma yamepunguzwa nguvu ili yakaribie mbao, lakini kukaribia si kufanana, na mtupaji wa chuo wa Jumapili asubuhi si mtupaji wa Ligi Kuu. Glavu nayo ni ngozi ile ile, udongo ule ule, futi 90 zile zile. Kama kuna takwimu ya chuo unafaa kuitilia shaka kidogo, ni ile ya kupiga. Sisi tunafanya kinyume: tunaamini homrani zote na kuuliza maswali kuhusu glavu.

Sasa msiniweke mahali sipo. Sisemi gongo halina maana. Nick Kurtz, wa Wake Forest, aliyechaguliwa nambari 4 mwaka 2024, tarehe 25 Julai 2025 alipiga homrani 4 katika mechi moja dhidi ya Houston. Nne. Hakuna glavu duniani inayoweza kufanya hivyo kwa usiku mmoja. Na Jac Caglianone akipigia Florida homrani 35 kwa msimu mmoja, mweke pale hata kama anadaka na mifuko ya karatasi.

Shida ni kwamba tunachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni la skauti: huyu kijana atakuwa nani miaka mitano ijayo? Hapo gongo linatawala, na sababu ni ya kikatili. Besi ya kwanza Ligi Kuu inaweza kujazwa na mtu yeyote mwenye nguvu ambaye amezeeka au kunenepa mahali pengine. Una shindano na nusu ya timu. Ndiyo maana Detroit mwaka 2020 walimchagua Spencer Torkelson nambari 1, wakamlipa zaidi ya dola milioni 8, na wakamtangaza kama mlinzi wa besi ya tatu, ilhali alijulikana kama mtu wa besi ya kwanza kule Arizona State. Mimi naona walikuwa wanaona aibu kidogo. Mwishowe akarudi pale pale besi ya kwanza. Caglianone naye, Kansas City walikuwa tayari na Vinnie Pasquantino, wakampeleka nje kulia.

Swali la pili ni la kocha wa chuo, na yeye hana miaka mitano. Ana mechi 56 za msimu wa kawaida, ana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Na shotistopu wake ana miaka 19 na mkono wake unatetemeka.

Hapo ndipo glavu inapanda bei. Ligi Kuu timu hukosea karibu mara 15 kwa kila nafasi 1,000 za ulinzi. Vyuoni ni karibu maradufu ya hiyo. Mirusho mingi inafika mbaya: chini sana, kando, inadunda kwenye vumbi mbele ya mguu. Mlinzi mzuri wa besi ya kwanza anaizoa yote na dunia inaendelea kama hakuna kitu. Mbaya anaikosa, na kosa linaandikwa kwa yule aliyerusha! Yaani huyu jamaa anaweza kuharibia wenzake majina msimu mzima na yeye karatasi yake ikabaki safi.

Nilikaa na kalkuleta. Kwa hesabu zinazotumika Ligi Kuu, homrani mahali ambapo ungetolewa ni kama pointi 1.7. Mrusho mbaya uliouokoa, yaani mtu ametoka badala ya kukaa besi ya kwanza, ni kama 0.75. Kwa hivyo miwili na kitu ni sawa na homrani moja. Tuseme mlinzi mzuri anaokoa mirusho 10 kwa msimu ambayo yule mwingine angeiachia. Hizo ni homrani 4 hivi. Kijana wa homrani 14 anayedaka anakuwa sawa na wa homrani 18 asiyedaka. Na bado sijahesabu wapinzani kucheza mpira wa kuguswa tu, ule unaodondoka mbele, ambao vyuoni wanaupenda sana, na mlinzi lazima akimbie mbele, aokote, ageuke, arushe. Hapo mtu wa mkono wa kushoto anafaidi, hahitaji kuzungusha mwili ndipo arushe besi ya pili.

Kwa hivyo mimi, nikihukumu nani alikuwa bora chuoni mwaka huu, nitampa gongo 65 na glavu 35. Nikiulizwa nani achaguliwe na Ligi Kuu, 85 kwa 15. Unaweza kubishana na namba zangu, sawa, lakini usitumie namba ya swali moja kujibu lingine.

Na hii si ya Marekani pekee. Muulize Mkenya yeyote kuhusu Victor Wanyama, atakuambia lile goli dhidi ya Barcelona 2012. Goli moja. Kazi yake ilikuwa kukata mipira wiki baada ya wiki, na hiyo hakuna anayeikumbuka. Mimi pia niliacha chuo mwaka wa pili na transkripti yangu inatisha, lakini hapo siwezi kulalamikia takwimu. Niliandikiwa sifuri kwa sababu sikuenda darasani, basi.

Kinachoniuma ni wale vijana wenyewe. Drafti ya Ligi Kuu ina raundi 20 tu siku hizi. Kuna mtu yuko chuo fulani sasa hivi, homrani 9, anazoa kila kitu, shotistopu wake amekuwa nyota kwa sababu yake, na Julai simu italia kwa shotistopu.

Rafiki yangu bado hakubali. Kwa hivyo tulikubaliana jambo moja: tununue kijitabu cha shilingi 20, tuangalie mechi nzima bila kuangalia mpigaji, macho kwa miguu ya mlinzi wa besi ya kwanza tu. Kila mrusho mbaya akiuzoa, mstari mmoja. Yeye ndiye alishika kalamu, ili asiseme nimeiba. Usiku wa kwanza mechi iliisha saa kumi na moja alfajiri, adhana imeshaanza mahali. Kijitabu kilikuwa na mistari 6. Kwenye takwimu, yule jamaa alikuwa amepiga 0 kwa 4.