Maoni Yetu: Keshia alipishwa mia, bosi haulizwi bilioni

Keshia wa supamaketi akifunga hesabu jioni na pesa zikapungua shilingi mia mbili, atazilipa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumkata mshahara anayeshika pesa ikiwa upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Akitoka zamu, bawabu humpekua mkoba mlangoni. Hatuna ugomvi na ulinzi huo. Wizi wa ndani upo na kila mwenye duka anaujua. Ugomvi wetu ni kwamba ukali wenyewe unaishia kwenye mashine ya keshia na haupandi ngazi kwenda ofisini.

Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilipopigiwa kura ya kuvunjwa na wadai wake Januari 2020, ilikuwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Kampuni iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ilikuwa imebakiwa na sita, nayo yakauzwa kwa mshindani wake, Naivas, kwa shilingi milioni 422. Mwaka huohuo supamaketi ya Tuskys nayo ikaanza kufunga milango, tawi baada ya tawi. Kabla yao Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifungwa mwaka 2006, ikafufuliwa, kisha Oktoba 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Madeni hayo yote hayakutokana na pakiti ya sukari iliyofichwa mkobani.

Wakubwa wana sababu zao: riba za benki, kodi za majengo, ushindani, hata shambulio la kigaidi la mwaka 2013 kwenye jengo la Westgate, ambako Nakumatt ilipoteza duka kubwa. Nyingine ni za kweli. Lakini kufungua matawi kwa pesa za mkopo na za wasambazaji ambao hawajalipwa ni uamuzi wa watu, tena watu wanaojulikana. Msambazaji asipolipwa huacha kuleta mali. Mali isipokuja mteja huenda kwingine, na mteja akienda pesa ya kumlipa msambazaji haipatikani kabisa.

Mfanyakazi wa dukani huyaona haya mapema kuliko mkaguzi wa hesabu. Yeye ndiye anayejua kwamba lori la maziwa halikuja Jumatatu, na Jumatano halikuja tena. Wateja wa Nakumatt wa mwaka 2017 wanazikumbuka rafu zilizotandazwa bidhaa ya aina moja mwanzo hadi mwisho, safu moja tu mbele ili uwazi wa nyuma usionekane. Aliyezipanga hivyo alijua anachoficha. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuwa na wa kumwambia.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Katika kampuni zetu nyingi habari mbaya haipandi juu. Msimamizi wa rafu anamhofia meneja wa tawi, meneja anayahofia makao makuu, na makao makuu yanamhofia mwenye mali, ambaye mara nyingi ni baba, kaka au binamu wa wakurugenzi. Asemaye ukweli anaitwa mchochezi, na mkataba wake wa muda mfupi ukiisha hauongezwi. Kwa Tuskys, ndugu wenye kampuni walifikishana mahakamani wakigombania kampuni, na maelfu ya waajiriwa wakawa wanausoma mustakabali wao magazetini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bosi ambaye hajasimama nyuma ya kaunta Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi atayajuaje ya dukani?

Kampuni inapoyumba, pesa za wafanyakazi huwa mkopo wa kwanza usioombwa. Karatasi ya mshahara inaonyesha makato ya NSSF, ya Sacco na ya mkopo wa benki, lakini pesa zenyewe hazifiki zinakopelekwa. Mfanyakazi anagundua siku benki inapompigia simu kudai deni ambalo kwa karatasi yake limelipwa. Sheria ileile ya Ajira inasema mwajiri anayekata pesa bila kuzipeleka anatenda kosa, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Faini ya laki moja haimtishi mtu anayedaiwa mabilioni. Kifungo kinaweza kumtisha, kama kitatumika.

Kampuni ikishafilisika, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inampa mfanyakazi kipaumbele kwa mshahara wa miezi minne ya mwisho, lakini usiozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Kinachozidi hapo anakidai akiwa kwenye foleni moja na wadai wasio na dhamana, baada ya benki kuchukua chake. Aliyepanga rafu kwa miaka kumi na mitano anajua foleni hiyo inavyoishia.

Wapo watakaosema dawa ni kumpa mfanyakazi kiti kwenye bodi. Ujerumani ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1976: kampuni yenye waajiriwa zaidi ya 2,000 inawapa nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Hata hivyo maduka makubwa ya Galeria ya huko yameomba kinga ya ufilisi mara tatu, mwaka 2020, 2022 na 2024. Kwa hiyo kiti peke yake hakiokoi duka. Kinachofanya ni kumwezesha mfanyakazi kuona hesabu mapema, aulize, ajipange, asije akaletewa habari na kufuli mlangoni asubuhi.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, mwajiri mkubwa akichelewesha mshahara au makato kwa mwezi mmoja, alazimike kumjulisha afisa wa leba na chama cha wafanyakazi kwa maandishi, na wakurugenzi wawajibike binafsi kwa makato yasiyofika. Pili, kampuni yenye mamia ya waajiriwa iwe na mjumbe wao kwenye bodi, aliyechaguliwa nao na si kuteuliwa na bosi. Tatu, Bunge lipandishe kile kikomo cha kipaumbele cha mshahara.

Naivas imevuka matawi 100 na washindani wake nao wanatafuta majengo mapya. Kanuni hizi ziandikwe sasa, biashara ikiwa nzuri na hakuna anayeona aibu kuzijadili. Bunge lianze na hilo la tatu, kwa sababu ndilo jepesi: shilingi 200,000 ziliandikwa mwaka 2015, na bei ya unga haikubaki mwaka huo.