Imani Iliyoulizwa Swali

"Mwalimu, binti yangu nimemlea kwa sala tangu akiwa mgongoni," mzazi mmoja wa Mwamapalala aliniambia. "Sasa kapangiwa shule ya kata, dawati moja na Msabato na Mwislamu. Huko nani atamlinda?"

Hofu ya mzazi huyu naiheshimu, maana inatoka kwa mtu anayeipenda dini yake. Lakini sikubaliani naye. Dawati lile ndilo litakalomkomaza binti yake, iwapo nyumbani watamsaidia.

Kuchanganyika kwa watoto hawa hakukutokea kwa bahati mbaya. Zamani za mkoloni mtoto alisoma kwa rangi yake, na mara nyingi kwa dini yake pia. Mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za misheni, milango ikawa wazi kwa wote. Kisha, kuanzia 2004, shule za kata zikaenea nchi nzima. Leo katika wilaya yetu ya Itilima, iliyokuwa sehemu ya Bariadi hadi 2012, darasa moja linaweza kuwa na mtoto wa kanisa la AIC, Mkatoliki, Mpentekoste, Msabato, Mwislamu, na mwingine aliyetoka katika kaya inayowaheshimu mababu na kumtaja Mungu kwa jina la Kisukuma, Liwelelo.

Kitazame kipindi cha dini katika shule kama hizi. Kengele inalia, darasa linagawanyika. Wakatoliki wanabaki ndani na katekista aliyekuja kwa baiskeli, vumbi jekundu limemfika magotini. AIC na Wapentekoste wanahamia chumba cha pili. Waislamu, ambao huku kwetu ni wachache, wanakaa chini ya mti. Na siku ustadhi asipofika, kijana wa Kidato cha Tatu ndiye anayewasomesha wenzake. Mtazame sana kijana huyo. Kwao angekaa safu ya nyuma msikitini, akisubiri wakubwa waseme. Hapa watoto saba wanamngoja yeye, kwa hiyo usiku uliotangulia amefungua kitabu chake akajiandaa. Uchache wao umemfanya mwalimu.

Halafu kuna maswali ya dawatini, na hayo ndiyo shule yenyewe. Ramadhani ikiingia, Mwislamu anaulizwa na rafiki yake: "Jua lote hili, hata maji hunywi? Kwa nini?" Msabato asipoonekana kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi, Jumatatu anaulizwa. Mkatoliki anaulizwa kuhusu rozari yake. Mtoto akijibu, "Ndivyo tunavyofanya kwetu," ametaja desturi ya nyumbani tu. Imani bado hajaigusa. Swali la mwenzake likimnyima usingizi hadi akamtafute mchungaji, shehe au mama yake, siku hiyo ameanza kuamini kwa moyo wake mwenyewe.

Mfano wa imani ya namna hiyo ni Mwalimu Nyerere, aliyefika shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937 akiwa hajabatizwa. Alisoma pale hadi 1942 pamoja na wavulana wa makabila na dini mbalimbali. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa ameshaingia Makerere, mtu mzima anayejua anachokichagua. Mkatoliki huyo, ambaye hakupenda kuikosa misa, alifanya kazi miaka mingi bega kwa bega na Rashidi Kawawa, Mwislamu, na hatukusikia kwamba imani ya mmoja ilimpunguzia mwenzake kitu.

Sasa nyinyi vijana, niwaonye. Yupo miongoni mwenu anayekijua kitabu cha jirani yake kuliko chake, kwa kuwa anakisoma akitafuta makosa. Mabishano ya namna hiyo yamewahi kutuletea chuki katika nchi hii, msiyaingize shuleni. Yupo pia anayesema "dini zote ni sawa tu" ili asisumbuliwe. Huyo namwonea huruma zaidi, kwa sababu mbishi walau anajali. Aliyechoka kabla ya kuanza safari atafika wapi? Sali kwa saa zako, soma kitabu chako kabla hujakigusa cha mwenzako, na ukiulizwa usichokijua sema hujui, kisha nenda kakitafute. Na ninyi mnaobaki nje kipindi cha dini mkipiga soga, mkidai kwenu hakuna mwalimu, muulizeni babu jioni maana ya yale anayoyafanya. Nanyi mna jambo la kuwaeleza wenzenu.

Walimu wenzangu, ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kuabudu. Haifai mtoto wa Kisabato achapwe kwa sababu ya Jumamosi, wala Mwislamu anyimwe ruhusa ya sala ya Ijumaa wakati msikiti uko hatua chache. Pangeni ratiba mapema, kazi aliyoikosa aifanye siku nyingine. Kipindi cha dini kisigeuzwe muda wa kufagia uwanja.

Nawe mzazi uliyeniuliza nani atamlinda, jioni ya leo binti yako akishatua ndoo na kuosha vyombo, mwite akae karibu nawe. Mwulize wenzake wamemwuliza nini kuhusu imani yake, naye alijibu nini. Akisema hakuwa na jibu, usimkemee. Litafuteni pamoja, na likiwashinda wote wawili, Jumapili mfuateni katekista mkamwulize.