Vali ya Breki Isihamishwe Ovyo



Malori ya zamani yenye breki za mafuta yangaliko barabarani. Vali ipunguzayo nguvu za breki za nyuma si pambo. Pasipo vali hiyo, lori tupu likipigwa breki kwa ghafula magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza, nalo huteleza ubavu. Vali nyingine zina fimbo iendayo kwenye ekseli kupima mzigo. Zikihamishiwa karibu na injini hazipimi kitu. (Sisi wa reli, tuliozoea mkono wa “tupu” na “shehena” kwenye behewa, twalijua hilo.)

Twadai hivi: fundi akiamriwa kuihamisha, bwana aliyeamuru atie sahihi. Hewa itolewe yote, lori lijaribiwe tupu na lenye mzigo, ndipo dereva apewe ufunguo. Likipinduka, yeye ndiye apelekwaye kortini.