Kuingia si Kufaa

Mtu apitaye asubuhi mbele ya karakana za pikipiki za hapa Juba atawaona mafundi wamechuchumaa kando ya turubai lililotandazwa vipuri vilivyokwisha tumika: magurudumu, kabureta, shokapu, beringi na minyororo. Mwenye pikipiki husimama pembeni, subira imemwishia. Fundi hukiinua kipuri, hukitazama kwa jicho moja, kisha husema neno moja tu: "Kitaingia."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulijadili leo.

Hatukuja kuwabeza mafundi. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule ilikamilika mwaka 2012, lakini ukiiacha lami hiyo mvua zikaanza, utahitaji pikipiki ya porini, kama vile Yamaha DT, Yamaha AG au Honda XL, ili dawa ifike zahanati na barua ifike kambini. Kipuri kipya husafiri kutoka bandari ya Mombasa, kikavuka Uganda, ndipo kitufikie. Mgonjwa hawezi kukingoja. Kwa hiyo basi, kung'oa kipuri katika pikipiki iliyokufa ili kuiponya iliyo hai si kosa. Nasi jeshini twafanya hivyo.

Kosa ni kuliamini jina lililoandikwa kwenye tangi la mafuta. Jina hudumu, lakini chombo hubadilika. Yamaha ilianza ukoo wa DT mwaka 1968 kwa DT-1 yenye shokapu mbili nyuma. Baadaye zikaja zenye shokapu moja ya katikati, na mwaka 1982 ikatoka DT125LC, ambayo injini yake hupozwa kwa maji badala ya upepo. Honda XL za miaka ya 1970 zilitumia umeme wa volti 6, na za baadaye volti 12. Balbu ya volti 6 ikifungwa katika pikipiki ya volti 12 huungua mara moja.

Hata vitu vidogo hudanganya. Beringi namba 6202 na namba 6302 zote zina tundu la milimita 15, lakini kipenyo cha nje cha ya kwanza ni milimita 35 na cha ya pili ni 42. Mnyororo wa 420 na wa 428 hulingana nafasi baina ya pini na pini, ila hutofautiana upana. Ule mpana ukivishwa sproketi nyembamba utazunguka, lakini utayumba na kuyala meno.

Tumeyaona matokeo yake kwa macho yetu. Tarishi mmoja tuliyemfahamu alifungiwa gurudumu la mbele lililotoka katika pikipiki ya jina lile lile, ya miaka ya nyuma. Ekseli ilipita, na pengo likajazwa kwa washa. Uani lilizunguka vizuri. Lakini kifuniko cha breki kina mfuo unaopaswa kushika jino lililo kwenye mguu wa shokapu, na katika gurudumu lile mfuo haukukutana na jino. Alipofunga breki penye kalvati ya kwanza, kifuniko kilizunguka pamoja na gurudumu, kikauvuta waya, na gurudumu likakwama papo hapo. Alirushwa akavunjika mtulinga. Gurudumu lilikuwa limeingia, halikufaa.

Katika chuo cha ukadeti tulifundishwa kufungua bunduki na kurudisha kila kipande chenye namba katika bunduki yenye namba hiyo hiyo. Somo hilo lafaa karakana pia. Katika namba ya kipuri cha Honda, herufi na tarakimu tatu za kundi la katikati huonyesha ni pikipiki ipi kilichobuniwa kwayo kwanza. Kwa Yamaha, huwa mwanzoni. Namba ikilingana, kipuri cha mwaka mwingine kifungwe bila hofu. Elimu hii haizuii kubadilishana vipuri; huwezesha kubadilishana vingi zaidi, na kwa usalama.

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila karakana iwe na kalipa ya kupimia, na daftari la kuandika namba ya chesisi, namba ya injini na asili ya kila kipuri kilichofungwa. Pili, madigadi, viti na vioo vijaribiwe kwa jicho, lakini breki, magurudumu, shokapu za mbele na usukani visibadilishwe mpaka namba na vipimo vilingane. Tatu, fundi aliyekifunga kipuri awe wa kwanza kuipanda pikipiki hiyo na kuijaribu breki yake.

Wala lawama zote zisiangukie fundi. Mara nyingi huwapo mkubwa mwenye haraka aliyesimama nyuma yake akisema, "Funga hivyo hivyo, iondoke." Mkubwa huyo, awe wa jeshi au wa raia, hana budi kujua kwamba amri yake ni sehemu ya ajali. Na anunuapo pikipiki mpya, azinunue za namna moja na mwaka mmoja, ili hata zikifa ziweze kusaidiana.

Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga. Fundi akisema "Kitaingia," tumwulize: "Je, kitafaa?"